Sura ya Sita: Pete Hii Tutaiuza Bei Gani?

Swali hili halikosi kuulizwa. Wachezaji wameingia pangoni, wamepigana, wametoka na majeraha, na msimulizi amewaambia kwamba chini ya mifupa pana pete ya shaba yenye maandishi wasiyoyajua. Kabla hata ya kuijaribu kidoleni, mmoja anauliza: "Tutaiuza bei gani?" Msimulizi mpya hufungua kitabu cha kanuni, akatafuta orodha, akasoma namba, na mchezo ukaendelea. Namba hiyo ndiyo inayonisumbua. Mara nyingi haisemi kweli, na ikiachwa hivyohivyo huharibu hadithi ambayo watu wazima watano wameacha shughuli zao kuja kuicheza.

Kwa msomaji aliyerukia sura hii bila kupitia zile za mwanzo: michezo tunayoizungumzia huchezwa mezani, kwa mdomo, karatasi na dadu. Kila mchezaji ana mhusika wake, yaani mtu wa kubuni anayemwigiza. Mmoja kati ya waliokaa mezani ni msimulizi: yeye hueleza ulimwengu, huwasemea wenyeji wa ulimwengu huo, na huamua matokeo pale kanuni zinaponyamaza. Mchezo ulioanzisha aina hii, Dungeons & Dragons, ulichapishwa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na kampuni yake ya kwanza ilikuwa katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Ni mji ulio kando ya ziwa. Sisi nasi tutakaa kando ya ziwa sura hii nzima: mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, na hasa Rumonge.

Nimechagua Rumonge kwa sababu mji huu unajua kupima thamani. Uko kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara inayoshuka hadi Nyanza-Lac na mpaka wa Tanzania. Nyuma yake kuna vilima na mashamba ya michikichi, na mbele yake kuna maji yanayofika hadi Kongo. Mawese na samaki aina ya ndagala na mukeke vinapimwa hapo, vinabishaniwa na kuuzwa, kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Msimulizi akiuweka mchezo wake mahali kama hapa, hawezi kuuza pete kwa kusoma namba tu. Mwenyeji wa soko atamuuliza pete yenyewe inafanya nini.

Vitabu vinasemaje

Tuanze na vitabu, maana si haki kuvikosoa kabla ya kuvieleza.

Kitabu cha mwongozo wa msimulizi cha mwaka 1979, kilichoandikwa na Gygax, kiliorodhesha vifaa vya ajabu na kukipa kila kimoja namba mbili. Moja ilikuwa bei ya kukiuza kwa sarafu za dhahabu, nyingine ilikuwa uzoefu ambao mhusika angeupata kwa kubaki nacho. Napenda mpango huo. Ulimlazimisha mchezaji kuchagua: pesa leo, au kukua kwa mhusika.

Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilileta hesabu. Upanga wa "kujumlisha 1" ni upanga unaomwongezea mchezaji 1 kwenye dadu anapopiga. Dadu hiyo ina pande 20, kwa hiyo 1 ni nafasi 5 katika 100: kati ya mapigo 20, pigo moja zaidi litampata adui. Uchawi wa upanga huo uligharimu sarafu 2,000 za dhahabu. Wa kujumlisha 2 ulikuwa 8,000, na wa kujumlisha 3 ulikuwa 18,000. Faida inapanda ngazi moja moja, bei inapanda kwa mraba. Lengo lilikuwa kuzuia wahusika wachanga wasinunue silaha kubwa mapema, na lilifanikiwa, lakini pia liliwafundisha wachezaji kuutazama ulimwengu mzima kama duka lenye rafu na vibandiko vya bei.

Toleo la tano, la mwaka 2014, liliachana na bei kamili likaweka ngazi za uhaba zenye bei za kukadiria. Marekebisho ya mwaka 2024 yakarudisha namba moja kwa kila ngazi:

- vya kawaida: dhahabu 100
- visivyo vya kawaida: dhahabu 400
- adimu: dhahabu 4,000
- adimu sana: dhahabu 40,000
- vya hekaya: dhahabu 200,000

Vifaa vinavyokwisha kwa matumizi, kama dawa ya kunywa mara moja, huwa nusu ya bei hizo.

Namba hizi hazina uzito mpaka uzigeuze kuwa kazi ya mtu. Vitabu vyenyewe vinatupa kipimo: kibarua asiye na ujuzi maalumu hulipwa sarafu 2 za fedha kwa siku, na fedha 10 ni dhahabu 1. Basi kifaa cha dhahabu 400 ni ujira wa siku 2,000, yaani miaka mitano na nusu bila kupumzika hata siku moja. Kifaa adimu cha 4,000 ni siku 20,000, karibu miaka 55. Kifaa cha hekaya ni siku milioni moja. Hata dawa ya kuponya, ile ya bei ya chini inayorudisha kati ya pointi 4 na 10 za uhai, inauzwa dhahabu 50: siku 250 za jasho.

Ukishapiga hesabu hii mara moja, huwezi tena kuwaambia wachezaji kwamba mchuuzi wa ndagala pale mwaloni "anawanunulia pete yao kwa dhahabu 400". Angezitoa wapi?

Kwa ufupi: bei ya kitabuni ni makadirio ya nguvu ya kifaa vitani. Haijui kifaa kiko mji gani, wala mnunuzi ni nani.

Shanga zilizokataliwa

Mwambao huu uliwahi kuishi na tatizo letu, na halikuwa mchezo.

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani ya Bahari ya Hindi kuja Ziwa Tanganyika ilibeba pesa yake mgongoni: vitambaa, waya wa shaba na shanga. Henry Morton Stanley alipojiandaa Unguja mwaka 1871 kwenda kumtafuta David Livingstone, moja ya kazi zilizomhangaisha zaidi ilikuwa kununua shanga. Aliishia na magunia 22 ya aina 11. Sababu ya aina kuwa nyingi hivyo ni kwamba shanga haikuwa na bei moja njiani. Shanga nyekundu zilipokewa kwa furaha Unyamwezi, ambako nyingine zingekataliwa. Nyeusi zilizoitwa bubu zilikuwa pesa halali Ugogo, na hazikuwa na maana kwingine. Sungomaji, zile kubwa zinazokaribia umbo la yai la njiwa, zilithaminiwa Ujiji na ng'ambo ya ziwa huko Uguha, lakini mahali pengine hakuna ambaye angezitaka. Msafara uliokosea makadirio ungeweza kufa njaa ukiwa na mizigo ya mali.

Novemba mwaka huohuo, baada ya kukutana Ujiji, Stanley na Livingstone walipanda mtumbwi wakafuata mwambao wa mashariki kwenda kaskazini, maji haya haya ya Burundi ya leo, kuchunguza kama Mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waligundua unaingia. Jiwe la Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, lina tarehe ya kupita kwao: 25 Novemba 1871.

Miaka miwili na miezi michache baadaye, msafiri mwingine, Verney Lovett Cameron, alifika Ujiji akakuta soko lenye utaratibu unaopaswa kusomwa na kila msimulizi. Pesa ya soko lile ilikuwa shanga zilizoitwa sofi, zinazofanana na vipande vya shina la kiko kilichovunjika. Asubuhi, watu wenye mifuko ya sofi walizunguka wakiwabadilishia wanunuzi bidhaa zao kwa shanga. Soko lilipofungwa, walizichukua tena shanga hizo kutoka kwa wauzaji. Walipata faida asubuhi na walipata faida jioni.

Watu wa soko lile hawakuhitaji orodha ya uhaba. Walijua mambo mawili ambayo vitabu vya mchezo huyapitia haraka: kitu hubadilika thamani kikivuka kilima, na bei ya kununulia si bei ya kuuzia. Toleo la tatu lilikubali hili la pili kwa kanuni kavu kwamba mhusika huuza kwa nusu ya bei. Kanuni hiyo ni nzuri. Ila msimulizi akimpa sura mtu anayechukua ile nusu nyingine, akamweka sokoni na mfuko wake, wachezaji wataelewa pesa yao inakwenda wapi na hawatalalamika kwamba kanuni inawaonea.

Tufe la nuru na usiku wa ndagala

Sasa tuchukue vifaa halisi vya mchezo tuvipeleke Rumonge. Vyote nitakavyovitaja viko katika ngazi ileile kitabuni, "visivyo vya kawaida", dhahabu 400 kila kimoja. Kwa kitabu ni ndugu. Tuone kama mwalo utawatambua hivyo.

Cha kwanza ni tufe dogo la kioo kinene. Mwenye nalo akitamka neno lake, linatoa mwanga. Akitamka neno jingine, linaelea hewani na kumfuata. Halihitaji mafuta wala betri. Kwa wapiganaji wanaoshuka mapangoni, hiki ni kifaa cha kusahaulika, kwa kuwa mwenge unagharimu kidogo sana. Wachezaji wengi huligeuza pesa siku ileile wanapolipata.

Lakini Rumonge inavua kwa taa. Ndagala, samaki wadogo wanaoitwa dagaa upande wa Kigoma, hukaa katikati ya maji kwa makundi makubwa, na usiku hufuata mwanga. Wavuvi hutoka jioni na mitumbwi, huwasha taa juu ya maji, husubiri kundi likusanyike, kisha huinua wavu. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi nyingi ni za umeme wa betri. Vyovyote iwavyo, mwanga ni gharama ya kila usiku, na hutolewa kwanza kabla mwenye chombo na wavuvi wake hawajagawana kilichopatikana.

Hapo ndipo thamani ya tufe ilipo, na inahesabika. Tuseme katika ulimwengu wenu wa kubuni, mafuta ya usiku mmoja yanalingana na ujira wa siku mbili za kibarua: fedha 4. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi hupumzika karibu wiki nzima, kwa sababu anga lote lina mwanga na taa haiwavuti tena samaki. Zinabaki siku kama 21 za kazi kila mwezi. Mara fedha 4, unapata fedha 84, yaani dhahabu 8 na fedha 4. Kwa mwaka ni dhahabu 100 na kidogo. Tufe la dhahabu 400 linarudisha bei yake ndani ya miaka minne kwa mafuta peke yake, na halivunjiki kioo upepo unapokuja.

Kwa hiyo mwenye mtumbwi anayo sababu ya kulitaka, na anayo hesabu ya kubishania. Msimulizi anayeijua hesabu hiyo anaweza kumwigiza vizuri:

"Mzee, taa hii haili mafuta."

"Nimeona, mwanangu. Na mwezi ukiwa mpevu inafanya nini?"

"Inakaa tu, mzee."

"Basi nami kwa wiki hiyo silipi."

Atakuwa amepunguza robo ya bei kwa hoja isiyopingika, na wachezaji watakuwa wamejifunza jambo la kweli kuhusu ziwa. Biashara ya namna hii inanifurahisha kuliko pigano lolote na joka.

Kuna zaidi. Mwanga mkali kuliko wa jirani huvuta samaki wa jirani. Mtumbwi mmoja ukitoka kila usiku na mwanga usiokwisha, mingine itarudi na nyavu nyepesi, na wenye nyavu nyepesi watakaa kikao. Watakwenda kwa mzee wa mwalo. Wataomba tufe lizuiwe, au lizungushwe kwa zamu, au wataliiba. Thamani ya kifaa ni pamoja na ugomvi unaokuja nacho, na ugomvi huo ni zawadi kwa msimulizi: anapata kazi ya vikao vitatu bila kubuni zimwi hata moja.

Pete, mkuki na kofia

Hivi vingine tutavipitia haraka.

Pete ya kutembea juu ya maji inamwezesha aliyeivaa kukanyaga uso wa ziwa kama ardhi. Inasisimua kuisikia. Mhusika wa kawaida hutembea mita 9 kwa sekunde 6, yaani zaidi kidogo ya kilomita 5 kwa saa. Ziwa Tanganyika lina wastani wa upana wa kilomita 50. Ni saa tisa na zaidi za kutembea bila kivuli, mawimbi yakipanda na kushuka chini ya miguu, ili ufike ng'ambo ukiwa peke yako bila mzigo. Mtumbwi wenye injini unakushinda. Kwa mpelelezi au mtu anayekimbia usiku, pete ni mali kubwa. Kwa mfanyabiashara wa mawese mwenye madumu 40, haina kazi.

Mkuki wa kuamuru samaki una nguvu tatu tu, na kila nguvu humtawala kiumbe mmoja wa majini. Jina lake linamdanganya mchezaji akidhani amepata utajiri wa wavuvi. Kumtawala ndagala mmoja ni kumtawala samaki asiyezidi urefu wa kidole. Pale mwaloni ningeupa bei ya chuma chake.

Kofia ya kupumulia majini ni habari nyingine. Aliyeivaa hupata povu la hewa kuzunguka kichwa. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, la pili duniani baada ya Baikal, na maji yake ya chini hayana oksijeni. Karibu samaki wote wanaishi kwenye tabaka la juu. Mvuvi wa ndagala hana haja ya kushuka huko. Thamani ya kofia inategemea kama kuna kitu chini kinachostahili kushukiwa, na katika historia kilikuwepo. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen karibu na Kigoma ili isitekwe, baada ya kuzipaka mashine zake grisi. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, mashine zikakutwa zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Meli nyingine ya Kijerumani, Hedwig von Wissmann, ilizamishwa vitani Februari 1916. Msimulizi akiweka meli kama hiyo katika ziwa lake la kubuni, kofia inapanda bei siku ileile habari inapofika sokoni. Bila meli, ni kofia.

Gudulia lisilokauka

Kifaa hiki nimekipa sehemu yake kwa sababu ndicho kinachopimwa vibaya kuliko vyote.

Ni chupa yenye kizibo. Ukiizibua na kutamka neno lake, hutoa maji matamu bila kwisha. Kwa nguvu yake kubwa hutoa lita zaidi ya 113 kila sekunde 6. Saa moja ni zaidi ya lita 68,000.

Mchezaji mwerevu, akiwa Rumonge, atasema: hapa hakuna wa kuinunua, mbele yetu kuna ziwa zima la maji matamu, twende tukaiuze Kirundo, kaskazini, ambako mvua zikikosekana watu wanahama. Amefikiri vizuri. Amekumbuka somo la shanga, kwamba kitu hubadilika thamani kikivuka kilima. Kirundo kweli wataililia.

Lakini hajaitazama Rumonge. Kukaa kando ya maji si kuwa na maji ya kunywa. Miji ya mwambao huu, Rumonge ikiwemo, imepigwa na kipindupindu mara kwa mara, na moja ya sababu ni familia kuchota ziwani pale pale panapooshwa vyombo na kumwagwa taka. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda na kuingia kwenye nyumba, Gatumba hadi Rumonge, maji yalikuwa kila mahali na ya kunywa yakazidi kuwa shida, kwa kuwa vyoo na visima vilifunikwa pamoja. Gudulia linalotoa maji safi katikati ya mji wa namna hiyo linaokoa watoto. Msimulizi anayemwambia mchezaji "hapa halina thamani" ameitazama ramani, hakuwatazama watu.

Na je, bei yake ni ngapi? Hakuna mtu mmoja pale anayeweza kulilipia. Mji mzima unaweza, kwa njia nyingine, na hapo tunafika kwenye swali ambalo vitabu huliacha.

Nani atalipa, na kwa nini

Kundi la wahusika wenye kifaa cha ujira wa siku 2,000 halitapata mnunuzi wa pesa taslimu katika mji wa wavuvi na wakulima. Likilazimisha, litauza kwa hasara kwa tajiri mmoja, na tajiri huyo ndiye atakayekuwa na nguvu juu ya mji kuanzia siku hiyo. Wachezaji waone hilo likitokea. Ni matokeo ya haki ya uamuzi wao.

Njia bora ni kulipwa kwa vitu ambavyo mji unavyo. Rumonge ya kubuni inaweza kutoa:

- fungu la samaki wa kila usiku kwa msimu mzima
- shamba la michikichi na watu wa kulitunza
- mtumbwi na nahodha anayejua njia ya Baraka, Uvira au Kigoma
- mahali pa kulala siku zote, na neno jema la wazee mbele ya mtawala

Kwangu mimi, malipo haya yanazidi dhahabu kila mara. Dhahabu huandikwa kwenye karatasi na kusahaulika. Shamba linahitaji kutembelewa, nahodha ana mama mgonjwa, wazee wana maadui. Mhusika aliyekuwa mpita njia anakuwa mtu wa mahali. Wenye gudulia, wakikubali kulikabidhi kwa mji, wangepewa yote manne.

Gharama isiyoonekana

Kuna vifaa ambavyo thamani yake kwa wachezaji ni kubwa, na kwa hadithi ni hasara. Viatu vya mabawa, navyo vya ngazi ileile ya dhahabu 400, vinamwezesha aliyevaa kuruka hadi saa nne. Vikiingia katika kundi, kila ukuta, kila mto na kila lango lililolindwa linakuwa bure. Kuviweka bei sawa na mkuki wa samaki ni kosa, na wachezaji wa siku nyingi wanalijua. Waulize wangechagua kipi kwa 400, utasikia jibu moja.

Toleo la tano lina kinga moja nzuri. Vifaa vingi vyenye nguvu vinadai mhusika afungamane navyo, yaani akae na kifaa saa nzima akikizoea, na hakuna anayeruhusiwa kufungamana na zaidi ya vitatu kwa wakati mmoja. Viatu vya mabawa viko katika kundi hilo. Pete ya maji, kofia na tufe la nuru haviko. Mchezaji makini anapopima kifaa hujiuliza kitamwondoa kipi kati ya vile vitatu alivyonavyo, na bei ya kitabu haimsaidii hapo.

Dawa ya kunywa mara moja ina tatizo la kinyume. Wachezaji huitunza hadi mchezo unaisha haijaguswa. Ningewashauri wasimulizi waitoe mara nyingi zaidi, maana ndicho kifaa pekee ambacho hakiwezi kuharibu kikao kijacho.

Maswali ya kupimia

Kifaa kipya kinapotokea mezani kwako, yaulize haya kabla ya kufungua kitabu:

1. Hapa tulipo, kinamwondolea nani gharama gani, na kwa siku ngapi za mwezi?
2. Je, kuna njia ya kawaida, kama mtumbwi au taa, inayofanya kazi ileile?
3. Nani anakihitaji, na ana nini cha kutoa?
4. Nani ataumia kikitumiwa?
5. Kinaruka vikwazo gani nilivyowaandalia wachezaji?

La kwanza na la tatu ndiyo mazito. Mawili hayo yakijibiwa vizuri, bei hujitokeza yenyewe katika mazungumzo, na itakuwa bei ambayo mchezaji anaweza kuipinga kwa hoja.

Nawaomba wasimulizi wanaoanza kundi jipya wafanye jambo moja la ziada. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mchezo, andika ujira wa siku wa kibarua, bei ya mafuta ya usiku mmoja, bei ya dumu la mawese na bei ya nauli ya mtumbwi katika ulimwengu wenu. Mistari minne inatosha. Wachezaji waione tangu kikao cha kwanza, na kila kifaa cha ajabu kitakachopatikana kipimwe kwa mistari hiyo kwanza, kitabu kifuate.